TAHADHARI MALINDI: kuna jamaa anauza tairi za "Mtaliano" bei nusu, zimechongwa na mvua ndio hii

Jamani watu wa Malindi, Watamu, Gede mpaka Kilifi huko, haswa nyinyi wenye Probox na Fielder na Noah za kubeba watu, someni hii mpaka mwisho kisha mumpelekee na mwengine mwenye gari. Kuna jamaa anazunguka na pikapu anauza tairi, anasema ni za brandi kubwa, zimetembea kidogo tu, bei nusu ya dukani. Uongo mtupu. Ni tairi zilizokwisha zikawa kipara, zikachongwa meno upya kwa kisu cha moto, zikapakwa dawa nyeusi zikang'aa. Mimi kaniuzia mbili kwa 13,000, na mamangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma siku gari liliponizunguka barabarani.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu, masika inakaribia, tairi zangu za nyuma zimekwisha na kazi yangu ni kupeleka wageni Mombasa na kuwarudisha, yaani ile barabara ya kilomita mia na ushee naipita mara tatu nne kwa wiki. Nikaenda dukani kuuliza, saizi yangu ni 195/65R15, nikaambiwa za Kichina mpya 7,000 moja, za brandi kubwa 13,500 moja. Nikasema basi ntachukua za Kichina, pesa ndio hiyo niliyonayo. Bado nawaza ndio kijana mmoja wa boda ninayemjua kwa sura akanambia kuna mtu ana mzigo mzuri, ngoja nikuitie.

Yule bwana akaja, mtu mzima, anaongea kwa adabu, salamu ndefu, anauliza watoto hawajambo. Akanambia zile tairi ni za Mtaliano mmoja ana nyumba Casuarina, gari lake limelala gereji muda mrefu, sasa anarudi kwao na anauza kila kitu. Na nyinyi mwajua hapa kwetu Wataliano wanaondoka na wanauza vitu kweli, kwa hivyo habari yenyewe ikaingia akilini. Tairi zikashushwa, nyeusi tii, meno marefu, jina la kampuni kubwa limeandikwa ubavuni (jina silitaji maana kampuni haina kosa hapa). 6,500 moja. Brandi kubwa kwa bei ya chini ya Kichina! Mimi nikaona mlango wa riziki umefunguka.

Sasa angalieni alivyofanya, maana hapa ndipo wengi wanaposhikwa. Kwanza akasema kijana wake atanifungia bure, hapo hapo, nisihangaike kwenda kwa fundi. Nikaona wema. Kumbe ule ubavu wenye tarehe ya kutengenezwa ukageuzwa ndani, upande wa chini ya gari ambako huwezi kuona bila kulala chini. Pili, nikataka kulipa kwa till akasema till ina shida, tuma kwa namba hii, jina likatoka la mwanamke, akanambia ni mkewe. Tatu risiti hakuna, "risiti ya nini kaka, mimi niko hapa kila siku." Nikatuma.

Wiki sita hivi zikapita, jua kali, barabara kavu, sikuona tatizo lolote, na hilo mliweke akilini, lami ikiwa kavu hata tairi mbovu inakudanganya. Mwezi wa tano mvua ikashuka ile ya kwetu ya pwani, mnaijua. Nikampeleka mamangu kliniki Kilifi, tunarudi saa tisa mchana, tumepita Matsangoni, msitu wa Arabuko Sokoke uko kushoto, maji yamesimama kwenye lami kama sinia. Nilikuwa 70, sikuwa mbio. Mbele boda ikakata kuingia njia ya Mida, nikagusa breki, nasema kugusa, sikukanyaga. Mkia wa gari ukaondoka. Nikahisi tu nyuma imekuwa nyepesi, steringi naizungusha lakini gari lishaamua linakokwenda, likageuka mzima mzima likaenda kusimama kwenye majani upande wa pili wa barabara, limeangalia Kilifi tulikotoka. Mama anasoma Yaa Latif kwa sauti. Sijamaliza kuvuta pumzi lori la chumvi la kutoka Gongoni likapita pale pale tulipokuwa tumezungukia. Sekunde chache tu wallahi. Usiku ule sikulala.

Na kitu kilichoniuma zaidi, mbele nilikuwa na tairi za Kichina za bei ya chini, zina miaka miwili, nilinunua mpya dukani. Hizo zilishika. Zilizonitupa ni zile "brandi kubwa" za nyuma.

Kesho yake nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote, mzee amekaa kwenye tairi miaka, akazitoa kwenye rimu na kuzigeuza. Akanionyesha kimoja kimoja. Ubavuni kuna herufi DOT halafu mwisho kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Zangu moja ilikuwa 2213, nyengine 4012. Yaani moja imetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2013 na nyengine wiki ya 40 ya 2012, hata si ndugu, huyo Mtaliano sijui alizipata wapi. Kwa ndani moja ina kiraka. Halafu akachukua kitambaa na petroli kidogo akafuta, ule weusi wote ukatoka, chini tairi ina rangi ya jivu na mipasuko midogo midogo kama kisigino cha mtu anayetembea peku.

Meno ndio yalinishangaza. Tairi ya kweli ukiangalia ndani ya mifereji kuna vidaraja vidogo vimeinuka, ubavuni vimewekewa alama TWI au kijipembe, meno yakilika mpaka yakalingana na hivyo vidaraja yaani imebaki milimita 1.6 na tairi imekwisha. Zangu vidaraja havipo, kisu kimepita juu yake. Na ile mikato myembamba kama ya wembe inayokuwa juu ya meno, ambayo ndiyo inayokata utando wa maji na kushika lami, ililika zamani na mchongaji hawezi kuirudisha, yeye amechonga mifereji mikubwa tu, mkono umeyumba, pengine kina, pengine juu juu. Mzee akanambia ziko tairi za malori zinazoandikwa ubavuni REGROOVABLE, hizo zimetengenezwa na mpira mnene chini ili zichongwe, lakini tairi ya gari dogo haina mpira huo. Ukiichonga unakaribia waya. Sehemu moja aliponionyesha waya ulikuwa unakaribia kuchungulia, na mimi nimebeba watu nazo wiki sita kwenda Mombasa.

Mtu atasema mbona mifereji ipo, maji si yatapita. Yatapita kidogo ndio, lakini mpira wenyewe umekufa. Tairi ikikaa miaka, na huku kwetu na jua hili, mpira unakauka unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani, na mpira mgumu haushiki lami iliyolowa. Jaribu ukucha, bonyeza kwenye jino la tairi mpya unaona linaingia kidogo, kwenye zangu ilikuwa kama nabonyeza ukuni. Michelin wenyewe wanasema tairi ikifika miaka 5 ikaguliwe kila mwaka, na ikifika 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama meno yapo. Zangu zilikuwa zimepita hapo kitambo.

Sasa kwa vile nimeulizwa na wengi wiki hii, ninunue za Kichina au za bei kubwa, ntasema ninavyoona mimi. Kwa mvua, za bei kubwa zikiwa mpya na halali zinashinda, hilo si maneno ya matangazo. Siri iko kwenye mchanganyiko wa mpira, wanatia unga unaoitwa silika (silica) ambao unaufanya mpira ushike vizuri kwenye maji, na kampuni kubwa zimetumia pesa nyingi kujaribu hilo. Ulaya tairi inauzwa na karatasi yenye herufi ya kushika kwenye maji, zamani ilikuwa A mpaka G, tangu 2021 ni A mpaka E, na wao wenyewe walieleza kwamba ukifunga breki ukiwa 80 tofauti ya tairi za juu na zile za chini kabisa inaweza kufika mita 18. Pangeni Probox nne moja nyuma ya nyengine, ndio hiyo mita 18, na bado inabaki nafasi. Mtoto akikimbilia barabarani pale Msabaha mvua inanyesha, hizo Probox nne ndio maisha yake.

Lakini mwenye 7,000 hana 13,500, na mimi simwambii mtu akope. Tairi ya Kichina mpya, ya mwaka huu au wa jana, yenye risiti, ni bora mara kumi kuliko brandi kubwa iliyozeeka au iliyochongwa. Na za bei ya chini nazo zinatofautiana, msichukue yoyote tu. Nyingi zina maandishi ubavuni TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Watu wanasoma ile namba ya TREADWEAR tu maana wanataka idumu. Ya mvua ni TRACTION, herufi AA ndio juu kabisa, halafu A, B, C, inapimwa kwa kufunga breki kwenye lami na zege iliyolowa. Haisemi kitu kuhusu kona wala maji yaliyosimama, lakini mimi chini ya A sinunui tena. Kisha mvua ikinyesha shuka kutoka 80 mpaka 60, ule umbali wa breki yenyewe unapungua karibu nusu, na hiyo haina gharama.

Kitu chengine, ukinunua mbili tu, zile mpya funga nyuma. Najua mafundi wengi wanaweka mbele kwa sababu gari nyingi zinavutwa na mbele, lakini mbele ikiteleza gari linakwenda moja kwa moja na ukiachia mafuta unaweza kulirudisha, nyuma ikiteleza linazunguka kama langu na dereva wa kawaida hana la kufanya. Mimi nilifunga nyuma kama inavyotakiwa, ila nilichofunga kilikuwa takataka.

Yule bwana nilimpigia, mara ya kwanza akasema nimekosea namba, mara ya pili akasema kijana alichanganya mzigo niende Jumatatu, Jumatatu simu haipatikani. Nimeripoti polisi nimepewa namba ya OB (kitabu chao cha matukio), meseji za M-Pesa ninazo, picha za tairi na zile tarehe ninazo. Jirani yangu mwenye Probox kumbe naye kauziwa nne, hadithi ya Mtaliano ile ile, yeye kaambiwa nyumba iko Watamu. Na juzi Ijumaa jamaa kaonekana tena na pikapu nyeupe ubavu wa kushoto umebonyea, anashusha tairi kando ya barabara ukitoka mjini kwenda Sabaki. Mvua ndio imeanza na watu wanatafuta tairi, ndio msimu wake huu.

Akikufuata usigombane naye na usimpige, wala msimwite mwizi watu wakakusanyika. Mwambie tu akuonyeshe ile tarehe, ubavu wote wa kulia na wa kushoto, kabla haijafungwa, na ulipe kwenye till ya biashara upewe risiti. Kama ni yeye atapakia mzigo aondoke. Piga picha namba ya gari unitumie, naziweka pamoja na zangu nizipeleke kwa askari.

Na kama ushanunua kwake usilipeleke gari Kilifi wala Mombasa na mvua hii. Mimi kila siku saa kumi na moja jioni niko pale kwa mzee wa tairi, akina boda wa stendi wanapajua, njoo tuzitoe tuzigeuze uangalie mwenyewe, mzee kasema hatozi mtu hata shilingi kwa kuangalia.