Fundi umeme wa Mkanaledi aliyekataa kuniuzia stata

Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyomnyima nitaieleza. Karakana yake haina kibao. Ukishuka stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara, uliza "kwa fundi umeme wa mkoroshoni" na bodaboda atakufikisha: banda la mabati, mkorosho mkubwa mbele yake, na chini ya kivuli hakukosi magari matatu manne yaliyoachwa boneti wazi. Naandika kwa ajili ya wenye pikapu za zamani, maana mji huu watu wananunua stata, ile mota ya kuwashia injini, kama vocha, na huyu ndiye fundi pekee aliyeniambia niache.

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, injini 2L ya dizeli, ile isiyo na kompyuta wala mbwembwe. Kazi yake samaki. Tunachukua changu, pweza na dagaa Msimbati au Mikindani, tunapandisha Newala au Masasi kutegemea soko limeamkaje. Mdogo wangu ndiye dereva. Samaki wanakaa kwenye masanduku ya barafu, barafu inayeyuka, na yale maji ya chumvi yanachuruzika kwenye bodi na chesisi njia nzima. Msilisahau hilo la chumvi.

Ugonjwa ulianza taratibu. Asubuhi unapiga stata, inazunguka kivivu kama haitaki. Siku nyingine ni "tik" moja, basi. Unashuka, unaigonga kwa spana, inaamka. Fundi wetu wa zamani akaichomoa, akasema hii imekufa, leteni nyingine. Tukanunua ya mtumba, shilingi 220,000. Ikafanya kazi vizuri, tukasahau, halafu "tik" ikarudi. Tukachukua mpya kabisa dukani, ya kwenye boksi. Hiyo ndiyo ilitoa moshi.

Hapo ndipo mtu unajifunza kuegesha kwenye mteremko. Newala si shida, mji uko ukingoni mwa uwanda wa juu, mteremko utaukosaje? Shida ni Msimbati. Kule ni mchanga mtupu na tambarare, pikapu ikizima inabidi usukumwe na wavuvi, na wavuvi hawasukumi bure. Ikafika mahali tunapakia injini ikinguruma muda wote, dizeli inaungua hivihivi kwa kuogopa kuzima.

Basi nikaenda mkoroshoni nikiwa na hela ya stata mkononi. Nikaanza kumweleza fundi, akanikatiza kwa adabu: "Samahani mama, kwanza nimsikie anayeiendesha." Sikupenda sana, mwenye gari ni mimi. Lakini maswali aliyomuuliza mdogo wangu hakuna fundi aliyewahi kutuuliza. Inasumbua ikiwa ya baridi au ya moto? Ukipiga stata taa za dashibodi zinafifia au zinabaki vilevile? Injini ilishushwa lini, na aliyeirudisha alikuwa nani? Nikamwambia anitafutie tu stata nzuri, nina haraka. Akasema, "Stata siuzi, mama. Na ya kwako kosa lake bado sijaliona."

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike. Alitoa mita yake ya umeme, akapima betri ikiwa imetulia: volti 12.6. Akamwambia mdogo wangu apige stata, naye macho kwenye mita: 10.4. Betri nzima, akasema. Injini ya dizeli ikivuta, betri ikibaki juu ya volti tisa na nusu haina neno. Halafu akaingia chini, akashika ncha moja ya mita kwenye nati kubwa ya stata na nyingine kwenye bodi ya stata yenyewe. Piga tena. Mita ikaandika 7.9.

"Betri inatoa kumi na pointi nne, stata inapokea saba na pointi tisa. Mbili na nusu zimebaki wapi?" Alimuuliza mdogo wangu, na mdogo wangu akanitazama mimi.

Akazitafuta. Ncha moja kwenye kichwa cha moto (chanya) cha betri, nyingine kwenye nati ya stata, piga: 0.4. Waya wa moto hauna tatizo. Kisha ncha moja kwenye kichwa cha athi (hasi) cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, piga: 2.1. Hapo ndipo zilipokuwa. Upande huo, akasema, kwenye gari zima unatakiwa usome karibu na sifuri, na yeye ikifika nusu volti hakubali. Stata ya dizeli kama hii inavuta ampea zaidi ya 200. Umeme huo ukishaingia kwenye stata lazima urudi betri kupitia chuma cha injini na waya wa athi, na mafundi wengi wanakagua njia ya kwenda tu, ya kurudi hawana habari nayo.

Kisha akamwita mdogo wangu aje ashike kebo ya eksileta pale inapopenya kutoka kwenye injini kuingia ndani. Nami nikashika. Ilikuwa ya moto. Plastiki yake ilikuwa imevimba, imeyeyuka upande mmoja na kugandamana na waya wa ndani. Mdogo wangu alikuwa akilalamika siku nyingi kwamba eksileta ni nzito, tukawa tunaipaka mafuta. Kumbe umeme wa stata ulikuwa unapita humo.

Ilikuwaje? Bolti inayofunga waya wa athi kwenye bloku, kile chuma kikuu cha injini, ilikuwa imekatikia ndani ya tundu, bila shaka siku injini iliposhushwa. Aliyefanya kazi ile hakuhangaika kuitoa, akauhamisha waya akaufunga kwenye bodi karibu na betri. Kuanzia hapo injini na bodi zikawa zimeunganishwa na utepe mmoja tu wa waya wa kusuka, uko nyuma ya injini, hauonekani mpaka uinamishe kichwa. Na ule utepe chumvi ilikuwa imeula. Zilibaki nyuzi chache za kijani, ukizigusa zinapukutika. Umeme ukakosa pa kurudia, ukajipitia kwenye kebo ya eksileta, kawaya kembamba ka chuma ambako hakakutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kutuondolea wasiwasi, akachukua waya za kubustia, akaunganisha athi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini. Stata ileile tuliyodhani imekufa ikazunguka kwa nguvu, injini ikawaka kabla mdogo wangu hajakaa sawa kwenye kiti.

Hata hivyo stata ilibidi ifunguliwe, maana ilikuwa imeumizwa kweli. Ndani ya solenoidi, swichi ya sumaku ya stata, kuna vipande viwili vya kopa (shaba), na kuna kisahani kinachovigusa vyote kwa pamoja ili umeme mkubwa upite. Volti ikiwa ndogo, solenoidi inavuta, inaachia, inavuta tena, "tatatata", na kila ikigusa inatoa cheche inayokula kopa. Alinionyesha kipande kimoja kimeliwa karibu nusu, cheusi, kingine kina mashimo. Kaboni nazo, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilikuwa zimeisha, kwa sababu stata inayozunguka taratibu inashikiliwa muda mrefu na inapata moto. Kwenye stata hizi za Denso kopa zinauzwa peke yake na kaboni peke yake. Stata mbili tulizokwisha kununua, ukweli ni kwamba hazikuhitajika.

Akapima pia hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha, kwa taa yake ndogo. Mbili kati ya nne hazipitishi umeme. Hapa mjini hamtaona tofauti sana, lakini lala Newala mwezi wa saba, kule juu kuna baridi, kisha uiwashe dizeli alfajiri. Bila hita plagi unapiga stata mpaka huruma. Kwa hiyo stata ilikuwa inapigwa pande zote mbili: umeme wa kutosha hauifikii, na kazi imeongezwa.

Bili yangu ilikuwa hivi. Kupima 20,000. Waya mpya wa athi, mnene, na vichwa vyake 45,000, na utepe wa bodi 10,000. Hita plagi nne 88,000. Kopa, kaboni na bushi za stata 65,000. Ufundi 40,000. Jumla 268,000, yaani stata moja ya mtumba na chenji juu. Kwenye bloku alitafuta tundu jingine lenye hesi (mistari ya kushikia bolti), akakwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga, ndipo akapaka grisi juu kuzuia chumvi. Grisi inakuja mwisho, alisisitiza, si kabla ya kukaza. Kisha akapima tena mbele yetu: upande wa athi 0.15, kwenye stata 9.7. Kebo ya eksileta tulibadilisha wenyewe baadaye.

Sasa ile nyota. Huyu bwana hajui neno "jioni" maana yake nini. Alisema njoo jioni, jioni nikakuta stata bado iko mezani vipande vipande, kesho yake akasema njoo jioni. Mimi nina barafu inayeyuka Mikindani, nimekodi gari la mtu kuhamisha mzigo, na hiyo gharama haimo kwenye bili niliyoandika hapo juu. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na chini ya gari ndiko anakoishi. Angesema tu tangu mwanzo kwamba inalala, ningejipanga.

Halafu hana spea hata moja. Anakuandikia kwenye karatasi, unazunguka mwenyewe madukani. Mdogo wangu alirudi na hita plagi zinazofanana kabisa na za zamani kwa macho, fundi akazigeuza, akasoma maandishi, akazirudisha: volti siyo. Hizi injini za 2L zipo zinazotumia plagi za volti 12 na zipo za volti kama sita, kutegemea mfumo wake, na ukizikosea ama zinaungua upesi ama hazipati moto. Nashukuru aliliona, lakini ile safari ya pili ya dukani kwenye jua la saa saba hakuifanya yeye. Nyie mkienda, chomoeni plagi moja ya zamani mwende nayo, msome namba.

Pa kukaa ni mzizi wa mkorosho. Akina mama beba leso ya kutandika. Choo ni cha msikiti wa jirani. Risiti anaandika kwenye daftari la shule na kukuchania ukurasa ukiomba, ila ameorodhesha kila kitu na bei yake, na spea zilizotolewa amenirudishia zote kwenye mfuko. Hilo la kurudishiwa spea mbovu peke yake lingetosha kumrudishia nusu nyota.

Ijumaa anafunga kuanzia saa sita mpaka saa nane. Na msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, msiende kama hamna shida ya dharura: malori ya kupeleka mzigo maghalani na bandarini yanajaa pale, na dereva wa lori la korosho ana hela na ana kelele kuliko sisi. Mimi nilibahatika kwenda kabla.

Tangu kipupwe mpaka sasa pikapu inawaka kwa mguso mmoja, iwe Newala alfajiri au mchangani Msimbati. Mdogo wangu amejinunulia mita yake ndogo, na kila tukimaliza kuosha gari anapima athi. Tumeanza pia kuweka turubai chini ya masanduku na mpira wa kutolea maji nyuma, yasipite tena kwenye chesisi.

Kuna jambo moja halijaisha. Mara mojamoja ukipiga stata inasaga, "krrr", kisha unajaribu tena inashika. Fundi alichungulia tundu la stata akiwa ameitoa, akamwambia mdogo wangu azungushe injini kwa spana pole pole, akanionyesha meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini linalozungushwa na stata: mengi mazima, ila pande mbili zinazotazamana yameliwa. Injini ya silinda nne, alisema, ukiizima inasimama karibu mahali palepale, kwa hiyo stata inauma meno yaleyale siku zote. Dawa ni kushusha giaboksi na kubadilisha ringi ya meno, na kazi hiyo yeye hafanyi, ni ya fundi injini. Alinitajia mtu huko Magomeni. Nimemwambia tusubiri mwezi wa pili, samaki wakipungua, na safari hii nitauliza mapema gari linalala siku ngapi.