Kokoto za robo tatu: ubora wake na hesabu ya tripu

Karibuni watazamaji, mlioko Kampala, Mukono, Gulu na kwingineko. Hapa kwenye turubai kuna mafungu mawili ya kokoto. Hili ni la mashine. Lile limepondwa kwa nyundo, aina mnayoiona ikiuzwa Kireka. Yote yanaitwa robo tatu, yaani robo tatu ya inchi, milimita 20 hivi.

Za mashine zina pembe kali na ukubwa unaokaribiana. Za nyundo huwa rahisi zaidi, lakini tazama jiwe hili: inchi mbili! Likiingia kwenye slabu litakwama juu ya nondo, zege lishindwe kupita, na chini yake pabaki mashimo. Kwa sakafu ya chini sina neno nazo, mradi zichekechwe. Kwa nguzo na slabu ya ghorofa, nunua za mashine.

Sasa chukua konzi moja, ulisugue, uliachie. Mkono ukibaki kama umetoka kukanda unga, vumbi limezidi. Vumbi huzuia saruji isishike jiwe, tena hunywa maji. Fundi ataongeza maji ili zege lilainike, na nguvu ya zege itashuka. Halafu gonganisha mawe mawili. Likimeguka kwa urahisi, hilo limeoza, limetoka tabaka la juu la mwamba. Na changarawe nyekundu ya murramu ibaki barabarani, ssebo, isije kwenye zege.

Twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo pesa zinapopotea. Una sakafu ya mita 10 kwa 8, unene sentimita 10. Hizo ni mita 8 za ujazo za zege. Saruji, mchanga na kokoto vikichanganywa vinashikana na kupungua ujazo, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.54. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kokoto ni sehemu 4 kati ya 7: kila mita ya ujazo ya zege inakula mita 0.88 za kokoto. Mara 8 unapata 7.04. Ongeza asilimia 10 za kumwagika na kuzama ardhini: 7.7.

Muuzaji atakutajia tripu, yaani mzigo wa lori moja. Tripu si kipimo! Panda kwenye bodi ya lori na tepu. Tuseme, kwa mfano tu, bodi ni mita 4 kwa 2, mzigo una kina cha 0.6, na bei ni shilingi 480,000. Ni mita 4.8 za ujazo, kila moja 100,000. Jirani yake anataka 430,000, bodi ileile, ila kina ni 0.5. Hapo ni mita 4 tu, kila moja 107,500. Yule "rahisi" ndiye ghali.

Kina kipime sehemu tano, pembeni na katikati, upate wastani, kwa sababu mzigo hurundikwa katikati. Pima gari likifika kwako, kwani kokoto hushuka zikitikiswa njiani. Bei ikubaliwe kwa kipimo cha hapo. Ukiuziwa kwa tani, kadiria tani 1.5 kwa mita ya ujazo, na usipokee mzigo uliolowa mvua, utalipia maji.

Kwa sakafu yetu, agiza gari moja la 4.8, halafu Elf, lile lori dogo, ilete 2.9 zilizobaki. Nayo uipime kabla haijainua bodi.