Kuba ya zege Arusha na Moshi: inaokoa nini, inakula nini

Watu wengi wanaoulizia nyumba ya kuba ya zege wamesikia jambo moja: haina kenchi, haina bati, haina dari, basi lazima iwe nusu ya bei. Hesabu haisemi hivyo. Kuba inaokoa mbao na bati, halafu inakula saruji na nondo kuliko nyumba ya kawaida ya ukubwa uleule. Faida zake za kweli ni kuhimili mchwa, moto, upepo na tetemeko. Hasara yake kubwa kwa mjenzi wa huku ni kalenda ya malipo, maana ganda la kuba halijengwi kidogo kidogo.

Tuchukue kuba ndogo: kipenyo mita 6, nusu tufe kamili, imekalia ukuta wima wa mita 1.2. Ukuta huo wima si pambo. Kuba ya kipenyo hicho ikianzia sakafuni moja kwa moja ina sakafu ya mita za mraba 28, lakini mtu mzima anasimama bila kuinamisha kichwa kwenye mita za mraba 18 tu. Pembeni kote panabaki pa kutambaa. Ikinyanyuliwa kwa mita 1.2, eneo la kusimama linafika mita za mraba 27. Fundi akikushauri uuondoe ukuta wima ili uokoe mifuko ishirini ya saruji, kataa. Utakuwa umelipia sakafu, vigae na msingi wa eneo usiloweza kulitumia.

Sasa vifaa. Tumehesabu kwa mifuko na vipande, si kwa shilingi, kwa sababu bei inabadilika. Zidisha mwenyewe kwa bei ya leo ya duka lako. Mgongo wa nusu tufe una eneo mara mbili ya duara lake la chini, yaani mita za mraba 56.5 hapa. Kwa unene wa sentimita 7.5 ni mita za ujazo 4.2. Ongeza ukuta wima wa sentimita 10, jumla inakuwa 6.5. Njia inayowezekana kwa mafundi wa huku ni kusuka nondo, kufunga waya wa kuku tabaka mbili ndani na mbili nje, kisha kupaka mota kwa mkono, ndoo moja ya saruji kwa tatu za mchanga. Mota hiyo inakula mifuko 9 hadi 10 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ganda peke yake ni mifuko 65 hadi 70 pamoja na inayoanguka chini. Nondo za milimita 10 zikisimama kila sentimita 40 na kuzungushiwa mikanda kila sentimita 25 zinafika vipande 55 vya mita 12. Waya wa kuku unapita mita za mraba 300.

Nyumba ya pembe nne ya mita 5.3 kwa 5.3 ina sakafu ileile. Tofali za inchi 6 kama 475, mota ya kujengea, lenta na plasta pande zote mbili vinafika mifuko kama 40, na nondo vipande 8 vya lenta. Mpaka hapo kuba imeshindwa. Inarudi mchezoni pale unapoiongezea nyumba ya pembe nne bati la karibu mita za mraba 48, kenchi, fisha bodi, dari na fundi wa kupaua. Msingi wa kuba pia ni mfupi kidogo, mita 18.9 za mzunguko badala ya 21.2. Ukijumlisha yote, ganda linatofautiana kidogo tu na boma lililopauliwa, na kinachoamua ni bei ya mbao msimu huo. Milango, vigae, choo na umeme havipungui hata senti. Madirisha yanapanda, kwa sababu kila dirisha linahitaji fremu yake ya zege inayotoka nje ya mgongo wa kuba.

Kuna njia nyingine, ile ya puto. Wallace Neff, mbunifu wa Marekani, alijenga nyumba za namna hiyo Falls Church, Virginia, mwaka 1941, na David South na ndugu zake wakajenga kuba yao ya kwanza huko Idaho mwaka 1975: turubai zito linajazwa hewa, povu la kuhami joto linapulizwa kwa ndani, nondo zinafungwa, kisha zege linarushwa kwa mashine. Ni njia safi na ya haraka kwa mwenye mashine na mafundi waliofunzwa. Kwa nyumba moja ya familia, turubai hilo linaloshonwa kwa kipimo ni gharama isiyogawanyika kwa nyumba nyingine. Tena feni inayolijaza hewa haitakiwi kusimama hata dakika chache zege likiwa bichi: umeme ukikatika puto linalegea na ganda linapasuka. Jenereta ya akiba iwe imeunganishwa tayari, isiwe ya kwenda kuazima.

Turudi kwenye kalenda. Huku kwetu nyumba inajengwa kadiri mfuko unavyoruhusu: msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua mkopo wa kikundi ukitoka. Boma la tofali linavumilia. Kuba haivumilii. Nondo na waya wa kuku vikishasukwa vikaachwa masika nzima, waya mwembamba unaliwa na kutu kabla haujafunikwa. Mota ikikauka wiki nzima katikati ya mgongo, tabaka jipya halishikani nayo vizuri, na hapo ndipo maji yatapita. Kazi inakwenda kwa mikanda: mzunguko mzima wa sentimita 60 hadi 80 kwa siku, kuanzia chini, ukingo uachwe na mikwaruzo, kesho yake uloweshwe na kupakwa uji wa saruji kabla ya kuendelea. Asiye na fedha ya ganda lote mkononi, toka nondo ya kwanza hadi rangi ya kuzuia maji, asianze.

Hata baadaye kuongeza chumba ni shida. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia nyumba nyingi za puto za Neff zilijengwa Dakar, Senegal. Familia zilipokua, watu wakazizungushia vyumba vya kawaida, na nyingi zikabomolewa. Huko New Ngelepen, karibu na Yogyakarta, Indonesia, ambako kuba zaidi ya 70 zilijengwa baada ya tetemeko la Mei 2006, wakazi walijiongezea majiko kwa nje. Ukitaka vyumba vitatu, chora kuba tatu zilizounganishwa na ushoroba mfupi wa kuta wima tangu mwanzo, na uweke sehemu ya kuungia ya tatu hata kama utajenga mbili. Kutoboa ganda baadaye ni kukata nondo zinazolibana.

Nguvu ya kuba iko hapo kwenye kubanwa. Uzito wa ganda unashuka kwa mgandamizo, na zege linapenda mgandamizo. Lakini nusu tufe likibeba uzito wake lenyewe, sehemu ya chini inataka kupanuka kwenda nje. Mpaka uko kama nyuzi 52 kutoka kileleni, ambao kwa kuba yetu ni mita 1.85 juu ya mahali ganda linapoanza kupinda. Chini ya mstari huo mikanda ya nondo inavutwa, na ndiko milango na madirisha yanakokata mikanda hiyo. Ukiona kuba yenye nyufa zinazosimama wima kuanzia kona za dirisha, sababu ni hiyo, wala usidanganywe kwamba ni "plasta tu". Dawa yake inawekwa kabla ya kupaka: nondo mbili za milimita 12 kuzunguka kila uwazi, na kipande cha mshazari cha mita moja kila kona. Mkanda wa zege juu ya ukuta wima, nondo nne za milimita 12, uwe duara lililofunga, maungio yapishane walau sentimita 50. Mahesabu ya mwisho ni ya mhandisi aliyesajiliwa.

Likisukwa hivyo, tetemeko halilisumbui kirahisi. Si jambo la kinadharia kwa ukanda huu: Julai 2007 mfululizo wa matetemeko, kubwa lao la kipimo cha 5.9, ulisikika mpaka Arusha mjini kabla ya Ol Doinyo Lengai kulipuka mwezi Septemba. Kuba haina kona zinazofunguka, haina ukuta mrefu wa kuanguka, haina paa la kuteleza juu ya kuta. Kwa upepo wa Kisongo, usioacha bati lililofungwa ovyo, hii ni nyumba ya kulala kwa amani. Na mchwa hana cha kula isipokuwa fremu za milango.

Mvua ndiyo mtihani. Nyumba ya bati ina kingo za paa zinazotokeza na kutupa maji mbali na ukuta. Kuba haina, kila ukuta ni paa. Tope la udongo mwekundu linarukia ukuta wima, na maji yote ya mgongo yanashuka juu ya madirisha. Kila dirisha na mlango upate kofia ya zege inayotokeza sentimita 40, yenye mfereji mdogo chini ya ncha yake ili tone lisirudi ukutani. Pale mgongo unapokutana na mkanda weka mfereji wa zege wenye mteremko, uelekee kwenye tangi, la sivyo uvunaji wa maji usahau. Rangi ya kuzuia maji ya aina inayonyumbulika ipakwe tabaka mbili, na uitengee bajeti ya kurudia kila baada ya miaka michache. Anayejenga Machame au pande za juu za Usa River, ambako mvua ni nyingi, asiingie kwenye kuba bila fedha hiyo.

Vitu viwili vidogo vinaharibu maganda mengi kuliko muundo mbaya. Cha kwanza ni maji ya kuchanganyia: lita 22 kwa mfuko wa kilo 50 zinatosha, na zipungue mchanga ukiwa na unyevu. Fundi akitaka mota iteleze anaongeza ndoo, na ganda linakuwa na vinyweleo. Cha pili ni kuacha mota ikauke juani. Kwa jua la Moshi, kumwagilia asubuhi na jioni hakutoshi. Funika kwa magunia yaliyolowa siku 7, kilele kikiwa cha kwanza. Mchanga nao upimwe: jaza mchanga kwenye chupa ya maji hadi nusu, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope la juu likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, urudishe.

Kuhusu joto, Arusha na Moshi si mji mmoja. Zege la sentimita 7.5 bila kihami linapokea jua mchana na kulitoa ndani saa chache baadaye, yaani wakati watu wa Moshi wanataka kulala. Rangi nyeupe na tundu la kipenyo cha sentimita 40 kileleni, lenye kofia na wavu wa mbu, pamoja na matundu ya chini, hupunguza sana. Dari ya kulalia juu kwenye kuba, inayopendeza kwenye picha, ndiko hewa ya moto inakokusanyika. Arusha tatizo linageuka: usiku wa Julai ganda linapoa, pumzi na mvuke wa jiko vinagandia kwa ndani, asubuhi matone yanashuka ukutani na baada ya muda unaona ukungu mweusi nyuma ya kabati. Tabaka la ndani la sentimita 4 hadi 5 la mota ya kokoto nyepesi za volkano linasaidia. Povu la kupuliza linahami vizuri zaidi, lakini linashika moto na ni lazima lifunikwe kwa plasta.

Kukaa ndani yake kuna adabu zake. Sauti inarudi na kukusanyika katikati. Mazulia, mapazia na kuta za ndani zisizofika juu zinaivunja. Kabati la kununua dukani halikai, litamtaka seremala afuate mpindo. Mabomba ya nyaya na boksi za swichi yafungwe kwenye nondo kabla ya kupaka, kwa sababu kuchimba ganda baadaye ni kulipunguza unene wake. Tangi la maji lijengewe mnara wake, na dishi lifungwe kwenye nguzo, kamwe si kwa kutoboa mgongo. Wavu wa chuma unapunguza mtandao wa simu ndani. Kaa karibu na dirisha.

Kwa kibali cha ujenzi andaa michoro ya mbunifu na mhandisi waliosajiliwa. Anza mapema, na peleka mahesabu ya ganda pamoja na michoro, maana mkaguzi atayauliza. Mthamini wa benki atakosa nyumba za kulinganisha nayo mtaani, kwa hiyo mwenye mpango wa kukopea au kuuza karibuni achague pembe nne.

Kwenye mkataba andika ukaguzi wa aina mbili. Nondo zipigwe picha na kukaguliwa na mhandisi kabla ya mota ya kwanza. Ganda likishakauka, ligongwe lote kwa nyundo ndogo, ndani na nje: panapolia kama patupu pana hewa nyuma ya nondo, pavunjwe na kujazwa upya kabla ya rangi. Asilimia 10 ya malipo ya ganda ibaki mikononi mwako mpaka masika moja ipite.