SDR++, SDR# au HDSDR: programu ipi uiwekee redio yako ya kompyuta?

Kuchagua kidude chenyewe cha USB kinachonasa mawimbi ya redio (SDR) hakuna kazi. Chukua chenye chipu ya RTL2832U na tyuna (sehemu ya kuchagulia masafa) ya R820T2, nacho kitasikia kuanzia kama megahezi 24 hadi 1,766. Ukitaka na mawimbi mafupi, nunua toleo la V3 au V4 la kidude cha RTL-SDR Blog. Maswali ninayoletewa mezani huja baadaye, mtu ameshakichomeka na hajui afungue nini. Na hapo ndipo penye uamuzi, maana kidude kinageuza mawimbi kuwa namba tu. Kuchuja, kutoa sauti ya AM au FM, kuchora grafu ya masafa, yote ni shughuli ya programu.

Mimi ni fundi wa redio na televisheni, nakaa Likoni, Mombasa, na laptopu yangu ni kuukuu yenye RAM ya GB 4. Jibu langu ni moja: anza na SDR++. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, aliyeianzisha ni Alexandre Rouma, na sura yake ni ileile kwenye Windows, Linux, Mac na hata simu ya Android. Inachora kwa kutumia kadi ya michoro, kwa hiyo yale maporomoko ya rangi chini ya grafu yanateremka laini bila kuichosha prosesa. Kompyuta ambayo michoro yake ni ya kizamani mno inaweza kukataa kuifungua kabisa. Mwenye kompyuta hiyo aende HDSDR, nitafika huko.

Kilichoniteka ni redio nyingi ndani ya kidude kimoja. Unafungua Module Manager, unaandika jina lolote, unachagua radio, unabonyeza alama ya kujumlisha, na redio ya pili inatokea kwenye menyu ya kushoto na mstari wake kwenye grafu. Ukifungua upana wa megahezi 2.4 kwenye bendi ya FM, stesheni zote zilizomo humo ziko mkononi mwako kwa pamoja. Moja inasikika kwenye spika, nyingine inarekodiwa kimyakimya. Lakini angalia unachorekodi. Ukichagua baseband badala ya audio, unahifadhi kipande kizima cha masafa, na kwa upana huo wa 2.4 kwa biti 16, dakika moja inakula karibu MB 576. Diski ya watu wengi haifiki jioni.

Ukiona kimya mara ya kwanza, usikimbilie kusema umeuziwa kitu kibovu. Geini, yaani kiasi cha kukuza ishara, huanza sifuri, kwenye SDR++ na kwenye SDR# pia, na kitelezi unakisogeza mwenyewe. Usikipeleke mwisho kabisa, desibeli 49.6, ukiwa mjini. Kidude hiki ni cha biti 8, na mitambo ya FM iliyo karibu inakilemea, ukaanza kusikia taarabu kwenye masafa ambayo hayana stesheni. Panda polepole, sakafu ya kelele (mstari wa kelele chini ya ishara kwenye grafu) ikianza kuinuka na ishara haiongezeki, rudi nyuma hatua moja. Hapo hakuna programu itakayokuokoa.

SDR# ya Airspy ni ya Windows peke yake, na nakiri kwamba kwa masikio ndiyo inayonifurahisha zaidi. Upunguzaji wake wa kelele ni mzuri sana kwa sauti ya AM iliyofifia, na programu-jalizi zake ni nyingi kuliko za wenzake. Inahitaji .NET mpya, programu saidizi ya Microsoft, basi jiandae kupakua. Windows yenyewe inataka pia ubadilishe draiva ya kidude kwa programu iitwayo Zadig: weka tiki kwenye List All Devices, chagua Bulk-In, Interface 0, kisha Replace Driver. Soma jina mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu ile orodha ina mpaka kipanya na kibodi yako.

HDSDR ina sura ya zamani na vitufe vimebanana, ila ni nyepesi, na kwa SSB (aina ya sauti wanayotumia maredio wa ridhaa) kwenye mawimbi mafupi bado sijaona sababu ya kuifuta. Lazima utafute faili la ExtIO, linaloiunganisha na kidude chako, na kulitia ndani ya folda yake, la sivyo haikitambui.

Wa Linux wana GQRX, ipo kwenye hazina za Ubuntu na Debian. Redio moja tu kwa wakati mmoja, haina mbwembwe. Kama kidude kinakataa kufunguka, tatizo huwa ni dvb_usb_rtl28xxu: mfumo umekichukua ukidhani ni cha televisheni, na kweli chipu hii ilitengenezwa kwa televisheni ya dijitali. Zuia draiva hiyo. Mwenye V4 ahakikishe pia ana draiva mpya ya rtl-sdr. Ile ya zamani haiielewi.

Kwa sisi wa kandokando ya mlango wa Kilindini kuna AIS-catcher, ambayo haitoi sauti yoyote. Inakaa megahezi 162 na kusoma chaneli mbili za AIS (ishara ambazo meli hujitangaza nazo) kwa pamoja, 161.975 na 162.025. Andika AIS-catcher -N 8100, fungua kivinjari kwenye anwani ya localhost:8100, na meli zinajitokeza kwenye ramani kwa majina, mwendo na mwelekeo. Antena ya waya iliyokatwa sentimita 46 dirishani inatosha kwa zinazopita mlangoni. Za mbali baharini zinataka antena ya juu ya paa.

Ya simu nimeiacha mwisho kwa makusudi. SDR++ ya Android inafanya kazi kwa kebo ya OTG, ya kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, lakini vitufe ni vidogo kwa kidole, kidude kinapata moto, na betri inashuka ukiiangalia. Ninayo kwa ajili ya kupimia antena nikiwa juu ya paa, basi.