Mwalimu wa serikali au wa mchepuo wa Kiingereza?

Mzazi wa Tanzania anayemhamisha mtoto kutoka shule ya msingi ya serikali kwenda ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, yaani inayofundisha kwa Kiingereza, mara nyingi hamkimbii mwalimu, anakimbia msongamano. Kiwango rasmi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, ila mijini yapo madarasa yenye zaidi ya 100. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo.

Kwa sifa, mwalimu wa serikali hayuko nyuma hata kidogo. Amesomea ualimu, na akivunja maadili Tume ya Utumishi wa Walimu ina mamlaka juu yake. Mwalimu wa shule binafsi yuko chini ya mkataba wa mwenye shule. Mshahara ukichelewa, anaondoka katikati ya muhula. Lakini huko simu ya mzazi hupokelewa haraka (ada inaongea).

Lugha nayo ina bei yake. Serikalini mtoto hujifunza hesabu kwa Kiswahili na kuielewa, kisha anakutana na Kiingereza kitupu kidato cha kwanza. Kwenye mchepuo anaweza kusoma ukurasa mzima kwa ufasaha asijue umesema nini.

Kabla ya kuamua, omba daftari la hesabu, fungua kurasa kumi za mwisho. Tiki kwenye jibu lisilo sahihi? Serikalini huenda mwalimu amezidiwa na rundo. Binafsi, huenda inatafutwa furaha yako, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kosa lenye masahihisho chini yake ni dalili nzuri kote kuwili.