Mdahalo, mihadhara ya wazi na klabu za chuo: uzoefu wangu

Naona kila mwaka first year wanauliza kama shughuli za chuo nje ya darasa zina maana au ni kupoteza muda tu, basi acha niseme yangu maana nimezunguka nyingi. Kuna ambazo zimenifaa kuliko baadhi ya kozi nilizofanyia mtihani, na kuna ambazo watu wanaenda kupiga picha ya kuweka stetasi na kuondoka.

Naanza na mdahalo maana ndo nilikokaa sana. Klabu nyingi zinatumia mfumo wa bunge la Uingereza, timu nne kwenye raundi moja, kila timu watu wawili, mbili zinatetea mada na mbili zinapinga, na ndo mfumo wa mashindano ya dunia ya vyuo vikuu yaliyoanza Glasgow mwaka 1981. Mada mnapewa dakika 15 kabla, upande huchagui wewe, intaneti hairuhusiwi, kwahiyo unaweza ukajikuta unatetea kitu ambacho jana tu ulikuwa unakipinga hosteli mpaka watu wakalala. Hapo ndo unajua kipi unakijua na kipi huwa unakisoma juu juu. Unaongea dakika 7. Ya kwanza ikiisha mtunza muda anagonga meza, na kuanzia hapo mpaka agonge tena dakika ya 6 wapinzani wanaruhusiwa kusimama kuomba taarifa, yaani kukukatiza kwa swali au hoja fupi. Sasa we uko katikati ya hoja, mtu kasimama mbele yako kanyoosha mkono anatabasamu, unamwambia hapana asante anakaa, anasimama mwenzake, na ukiwakatalia wote majaji wanaona kabisa unawakwepa. Karatasi inatetemeka mkononi weee! Ila baada ya msimu mmoja wa hayo, prezentesheni ya darasani haikutishi tena.

Kitu nilichokipenda zaidi ni majaji kueleza kwanini fulani wa kwanza na fulani wa nne. Hakuna cha "mmejitahidi". Unaambiwa umesema sera italeta ajira, hujasema italetaje, kaa chini. Mwalimu wa darasa la watu mia mbili hawezi kukupa hiyo hata akitaka. Kinachoudhi ni wakongwe, wanapangana timu wenyewe kwa wenyewe na mgeni anapewa kazi ya kugonga meza wiki nzima nzima, wengi wanakata tamaa hapo.

Mihadhara ya wazi ni bahati nasibu. Mingine mtu anasoma slaidi neno kwa neno na nusu ya ukumbi wamefuata cheti, wakishasaini hao wanatoka. Lakini kuna mmoja ulikuwa wa fizikia, mimi nasoma uhasibu jamani, niliingia kwa sababu rafiki yangu alikuwa anaenda, ukahusu kupatwa kwa jua kwa mwaka 1919, pale Waingereza walipotuma timu mbili, moja kisiwa cha Príncipe na nyingine Sobral kule Brazil, kupiga picha za nyota waone kama mwanga wake ukipita karibu na jua unapinda kwa kiasi alichosema Einstein. Slaidi ikaonyesha kwamba darubini moja ya Sobral ilitoa picha zisizo kali na kipimo chake kikawa kinaelekea kwa Newton, yaani kwenye kiasi kidogo cha nadharia ya zamani, wakasema joto limeharibu fokasi, wakazipa uzito mdogo. Kipindi cha maswali dada mmoja akauliza: nani aliamua zipi ziwekwe pembeni, na aliamua kabla au baada ya kuona jibu? Ukumbi ukachangamka ghafla. Hilo ndo swali la mkaguzi wa hesabu hasa, na sikulisikia darasani kwetu, nimelisikia kwenye mambo ya nyota. Kwahiyo ukienda kaa mpaka maswali, hata kama lazima watokee watu wawili watatu wenye hotuba zao badala ya swali.

Klabu ya filamu sina mengi, sauti mbovu, na mjadala unaahirishwa kila mara kwa sababu watu wanakimbilia chakula. Kubadilishana lugha ni nzuri ila ung'ang'anie kugawana muda sawa, nusu lugha yako nusu ya mwenzio, la sivyo itaishia lugha ile inayoongewa vizuri na wote na hamna atakayejifunza kitu.

Lawama yangu kwa chuo chetu ni matangazo. Karatasi inabandikwa ubaoni asubuhi ya siku yenyewe, au tangazo linazunguka kwenye grupu la WhatsApp la idara moja, halafu wanalalamika wanafunzi hawahudhurii. Na ratiba wanaipanga saa zile zile za maabara, watu wa sayansi watakujaje? Mimi niliomba niongezwe kwenye magrupu ya idara nyingine na ndo nikaanza kuona vitu.

Kwaya na klabu ya ushairi sijaingia, aliyeko huko aseme kukoje.