Uzoefu wangu: kuondoa soketi mfu na nyaya zisizo na kazi kwenye nyumba ya zamani, Tanga

Nyumba tuliyonunua Raskazone ilijengwa miaka ya 1950, na kila aliyeimiliki aliongeza umeme wake bila kuondoa wa aliyemtangulia. Ukuta wa sebuleni peke yake ulikuwa na soketi za matundu ya mviringo za enzi za Mwingereza, za kisasa za ampea 13, kiboksi cha simu ya mezani, na tundu la antena ambalo waya wake umeishia darini, haujaunganishwa na kitu. Nyingi hazikuwa na kazi. Mtoto ameanza kutambaa, na rangi ilikuwa ipakwe, nikataka zishughulikiwe kwanza.

Fundi wa kwanza alinitajia bei ya vifuniko tu: kila soketi mfu inatolewa, panawekwa kifuniko kitupu cha plastiki, kazi imeisha. Bei ilikuwa ndogo kweli. Nikamuuliza, na waya ulioko nyuma unatokea wapi? "Huo ushakufa, mama." Sikumpa kazi.

Niliyempa ni mzee mmoja mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Huyu hakutaja bei mpaka azunguke nyumba nzima, halafu akataka siku ya kufuatilia nyaya peke yake, kwa malipo, kabla hajagusa kitu. Mume wangu aliona tunaliwa. Mimi katika gharama zote za kazi hii, hiyo ndiyo ambayo ningeilipa tena bila kuomba punguzo.

Soketi ya chumba cha nyuma ndiyo iliyommaliza ubishi mume wangu. Ukichomeka taa haiwaki, ukichomeka chaja simu haiingizi. Mzee akaingiza testa, ikawaka. Kumbe bodi yetu ya zamani ilikuwa na fyuzi mbili kwa kila laini, moja kwenye laivu (waya unaoleta umeme) na moja kwenye nyutro (waya unaourudisha), ndivyo mafundi wa zamani walivyokuwa wakifunga. Ya nyutro ilikuwa imeungua, ya laivu nzima. Umeme ukawa hauna njia ya kurudi, kwa hiyo kifaa hakifanyi kazi, ila volti 230 ziko palepale kwenye ule waya. "Mwanangu," akaniambia, "hii hapa si mfu. Ukiigusa, njia ya kurudi utakuwa wewe." Hiyo ndiyo soketi ambayo yule wa kwanza angeifunika akaondoka.

Darini mambo yakawa kinyume. Waya uliokatwa ncha zote mbili nao uliwasha testa! Akanieleza kwamba ukilazwa sambamba na waya wenye umeme kwa urefu mkubwa, unaambukizwa kidogo, na testa ya bisibisi haihitaji zaidi ya hapo kuwaka. Akaleta balbu ya kupimia yenye waya mbili, akagusisha, haikuwaka. Tangu hapo ile testa yangu ya buku mbili siiamini, ikiwaka wala isipowaka.

Nyaya zenyewe zilikuwa za mpira uliovikwa kitambaa, nyekundu na nyeusi. Kwa joto la chini ya bati la Tanga, mpira umekauka kabisa: unaukunja, unapukutika mkononi na kuacha shaba wazi. Nilikuwa nimefikiria baadhi zitumike tena kwa taa za nje. Mzee alicheka tu.

Kila laini isiyotumika aliikata kwenye bodi, siyo kwenye soketi, kisha akaangalia na upande wa pili, kwa sababu zipo mbili zilizokuwa zimeunganishwa tena huko mbele na laini nyingine. Zilizopita kwenye paipu za chuma alizivuta zote, akabakiza paipu za kupitishia waya mpya, na ethi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, akaipitishia waya wake badala ya kutegemea zile paipu, kwa kuwa maungio yake yameliwa na kutu. Zilizofukiwa ndani ya lipu aliziacha zikiwa zimekatwa pande zote. Maboksi matupu yakajazwa saruji. Ila boksi ambalo ndani yake kuna maungio ya waya unaoendelea kwenda soketi nyingine alikataa katakata lisipigwe lipu. Likawekewa kifuniko kinachofunguka kwa skrubu. Nyaya zilizobaki alizipima kwa mega ya volti 500, kipimo cha kuonyesha kama ganda la waya bado linazuia umeme usivuje, na ambayo haikufika megaomu 1 akaibadilisha. Bodi mpya ina breka, na kifaa cha kukata umeme ukivuja kufikia miliampea 30.

Ufundi nimelipa laki tatu na nusu, vifaa mbali, na vifaa alinipa orodha nikanunue mwenyewe. Hilo nimelipenda. Sikupenda vumbi, wala simu zake zisizopokelewa asubuhi. Na lipu yake jamani! Kila soketi iliyozibwa unaiona kutoka mlangoni, pamevimba kama nundu. Ilibidi nimwite mtu mwingine apasugue upya ndipo rangi ipakwe.

Alichoniachia cha ziada ni karatasi ya kaunta buku aliyochora nyumba yote: laini ipi inatoka breka ipi, na nyaya zilizokatwa ziko ukuta gani. Nimeibandika ndani ya mlango wa bodi, na fundi wa kiyoyozi aliyekuja juzi aliisoma kabla ya kutoboa ukuta.

Umeme nampa nyota tano, lipu mbili. Ukimwita, uwe na fundi wako wa lipu.